Altezza, mlenda na kopo la oili

Nilikuwa nimeshaiacha Igoma hapa Mwanza, barabara ya Musoma, mbele yangu Fuso la mchanga likitambaa. Nikashusha gia hadi ya tatu, nikakanyaga, nikasubiri ule mlio. Wenye Toyota Altezza ya injini ya 3S-GE wanaujua: ukivuka mizunguko elfu tano na kidogo, injini hubadilisha sauti kama mtu aliyekuwa ananong'ona kisha akaamua kuongea. Siku hiyo haikuongea. Gari lilienda, lakini lilienda kama Noah iliyojaza wafiwa na masufuria yao. Nikarudi nyuma ya Fuso kwa adabu, na kabla sijafika Kisesa taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ya njano, imetulia, haina haraka na mtu.

Siku tatu kabla nilikuwa nimemwaga oili na kuweka nyingine.

Naomba nilitambulishe gari kwanza. Ni Altezza RS200 ya mwaka 1999. Najua wapo watakaoguna kwamba gari la milango minne haliitwi gari la spoti, na siwezi kugombana nao kwa sababu hata mke wangu analitumia kubebea viroba vya mchele. Lakini Toyota walipolitoa Japani mwaka 1998 hawakuwa wanafikiria mchele. Magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, gia ni sita za mkono, na kiwanda kililiandikia nguvu ya farasi 210 kutoka kwenye injini ya cc 1,998 isiyo na turbo. Lilichukua tuzo ya gari bora la mwaka huko Japani kwa 1998–1999, na nje ya Japani watu walilijua kwa jina la Lexus IS. Utengenezaji ulikoma 2005. Maana yake hata Altezza changa kuliko zote imeshatimiza miaka 20, na yangu imezidi hapo.

Kichwa cha injini ya 3S-GE kilitengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha. Nikiwaambia hivyo vijana wa Mwaloni pale Kirumba wanacheka, kwa sababu kwao Yamaha ni ile injini inayoning'inia nyuma ya mtumbwi wa dagaa. Ile ya mtumbwi, kama ni tustroki, oili yake inachanganywa na petroli na kuungua humohumo. Inafanya kazi mara moja na kwisha. Ya kwangu inakaa, inazunguka, inachoka, inachafuka, na kesho asubuhi inatakiwa kuamka tena.

Sasa nirudi kwenye siku ya kumwaga oili. Fundi wangu ni mzee ambaye ameshika spana tangu kabla sijazaliwa, gereji yake ipo upande wa Nyakato, na sina sababu ya kumvunjia heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea la mbio leo."

Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akasugua tone katikati ya vidole viwili akiwa ameangalia pembeni, kama anayeonja chumvi. Akasoma kilomita kwenye geji: 187,000 na ushee, kama geji inasema kweli. Akatoa hukumu.

"Gari kuukuu halitaki oili ya majimaji. Vyuma vimeshalika, nafasi zimepanuka. Weka 20W-50. Ukitaka amani kabisa, weka SAE 40, usahau."

Nikaweka 20W-50, na ndiyo hiyo iliyonipeleka hadi nyuma ya Fuso.

Mzee hakuropoka. Anachosema kina ukweli ndani yake, na injini alizojifunzia zilimthibitishia. Peugeot 504 iliyotembea nchi nzima, Land Rover za serikali, Bedford za kubeba pamba: hizo zilikuwa injini ambazo oili ilikuwa na kazi mbili tatu tu. Ilainishe, ipooze, ibebe uchafu. Chuma kikilika na nafasi kati ya krenki na beringi zake ikiongezeka, oili nyepesi inavuja pembeni kabla haijabeba uzito, na oili nzito inaziba pengo. Land Rover ikipewa SAE 40 inakaa kimya na kushukuru.

Ila mwaka 1999 oili ilikuwa imeshapewa kazi nyingine. Kwenye Altezza yenye 3S-GE kuna VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka, kwenye kamshafti zote mbili, zile fimbo zinazofungua vali: ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Kompyuta ikitaka vali zifunguke mapema au zichelewe kidogo, haina mkono wa kuzungusha kamshafti. Mkono wake ni oili. Kuna vali ndogo ya umeme inayofungua njia, oili inaingia kwa presha kwenye kichumba kilichopo kwenye puli ya kamshafti, inasukuma, kamshafti inasogea nyuzi kadhaa. Njia zenyewe ni nyembamba, na kabla oili haijafika kwenye ile vali kuna kichujio cha wavu ambacho ukubwa wake unaweza kukificha kwa kidole gumba. Kompyuta inatoa amri, inasubiri, sensa inaripoti kwamba kamshafti bado iko palepale. Ikirudiwa mara kadhaa, inawasha taa.

Kijana mwenye mashine ya kusomea makosa kwenye kompyuta ya gari alinithibitishia: tatizo liko kwenye VVT-i. Akanipa bei ya vali mpya. Nikamwambia ngoja kwanza.

Hapa lazima niwe mkweli maana hadithi za magari zina tabia ya kutafuta mkosaji mmoja. Tulipofungua kile kichujio cha wavu tulikuta vipande vyeusi vigumu kama masizi ya sufuria, masalia ya miaka mingi ya oili iliyochelewa kubadilishwa na wamiliki waliotangulia. Wavu ulikuwa wazi labda nusu. Oili nyepesi ilikuwa inapenya hivyohivyo kwa shida. Nilipoweka nzito, asubuhi gari likiwa la baridi, ikashindwa. Kwa hiyo 20W-50 peke yake haina kesi yote. Ilikuta mgonjwa, ikamwekea mto usoni.

Nikakaa usiku kadhaa nikisoma, na nilichokuta kinaanzia kwenye zile namba ambazo sote tunazitamka dukani kama tunataja jina la mtu.

Namba hizo zinatoka SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Ile W si uzito, kama nilivyodhani kwa miaka yangu yote. Inasimamia neno lao la majira ya baridi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyokubali kuzungushwa ikiwa imeganda kwa baridi: 10W hupimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya pili inaeleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, yaani injini ikiwa imechemka sawasawa. Uzito huo hupimwa kwa sentistoki: daraja la 30 lazima liwe kati ya sentistoki 9.3 na 12.5 kwenye joto hilo. La 40 linaanzia 12.5 mpaka 16.3. La 50 linaanzia 16.3 na kuendelea hadi karibu 22.

Mtu wa Mwanza akisikia mambo ya nyuzi 25 chini ya sifuri anacheka, na ana haki. Sisi asubuhi ya baridi kali, ile ya Julai ambayo upepo unatoka ziwani na watu wanavaa makoti kwenda kazini, ni nyuzi 17 au 16. Basi wengi husema namba ya kwanza haituhusu, tuangalie ya pili tu. Nami niliamini hivyo.

Lakini injini ya asubuhi haijui kwamba Mwanza ni nchi ya joto. Yenyewe imetengenezwa ipate oili ya sentistoki kumi na kitu. Kwenye nyuzi 40, 10W-40 ya kawaida bado ina sentistoki 90 hadi 100, na 20W-50 imezidi 150. Shuka sasa mpaka nyuzi 17 za alfajiri pale Capri Point: zote mbili zimekuwa uji, ila mmoja ni uji wa mgonjwa na mwingine ni uji uliosahaulika jikoni. Dakika zile za kwanza ndizo zinazokula chuma, na ndizo ambazo VVT-i inangoja ipelekewe oili.

Hivi oili moja inawezaje kuwa nyepesi asubuhi na isiwe maji mchana? Kitu hiki kilinisumbua mpaka siku niliyomwona mama mkwe akipika mlenda.

Wasukuma hawahitaji kuelezwa mlenda. Kwa wengine: ukiinua mwiko, mlenda unakuja nao, uzi mrefu usiotaka kukatika. Ule mvuto unatokana na nyuzi ndefu mno zisizoonekana, zilizojinyoosha ndani ya maji. Kwenye oili ya namba mbili, watengenezaji huanza na oili nyepesi halafu wanatia nyuzi za aina hiyo, za kemikali, ambazo zikiwa za baridi hujikunja kama jongoo na zikipata joto hujinyoosha. Zikijinyoosha zinazuia oili isiwe majimaji. Hivyo 10W-40 huanza siku kama nyepesi na kumaliza siku kama 40.

Tatizo ni kwamba nyuzi hukatika. Zikipita kati ya meno ya pampu ya oili, katikati ya kamshafti na vikombe vya vali, mara elfu kadhaa kwa dakika, nyuzi ndefu zinakuwa fupi, na oili uliyonunua ikiwa 40 inashuka taratibu kuelekea 30. Kadiri tofauti ya namba mbili inavyokuwa kubwa na oili ya msingi inavyokuwa ya bei rahisi, ndivyo nyuzi zinavyohitajika nyingi, na ndivyo anguko linavyokuwa refu. Oili ya sintetiki, kwa kuwa yenyewe kwa asili haibadiliki sana kati ya baridi na joto, inahitaji nyuzi chache. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuilipia. Maneno ya dhahabu yaliyoandikwa kwenye kopo hayakunishawishi.

Mama mkwe alinisikiliza nikimweleza haya, akaniuliza kama gari nalo linakula bure hapa nyumbani.

Kitu cha pili kilichonipotezea muda ni presha. Nilikuwa nimefungiwa geji ya presha ya oili pembeni ya usukani, na siku ile ya 20W-50, gari likiwa la baridi, mshale uliruka juu ya bar 6 ukakaa huko. Mzee akatabasamu. "Unaiona presha?" Nikaona. Nikalala usingizi mzuri.

Ukibana mpira wa maji kwa kidole, presha nyuma ya kidole inapanda. Maji yanayofika kwenye mchicha yameongezeka? Yamepungua. Presha ni habari ya ugumu ambao oili inakutana nao njiani, na oili nzito ikiwa ya baridi inakutana na ugumu mkubwa sana. Zaidi ya hapo, pampu ya oili ina vali ya usalama: presha ikizidi kiwango, vali inafunguka na kuirudisha oili ilikotoka bila kupita kwenye injini. Kwa hiyo ule mshale niliokuwa naufurahia ulikuwa unaniambia kwamba sehemu ya oili yangu inazunguka kwenye pampu tu, kama mfanyakazi anayesaini kitabu cha mahudhurio na kurudi nyumbani. Geji ina maana injini ikiwa imechemka. Watu wa mbio wana kanuni yao ya kukadiria, psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, yaani bar 0.7 hivi. Ukipata hiyo oili ikiwa moto, beringi zako zinapata chakula.

Basi nikaanza kuchagua, na nilichagua kwa kuliangalia gari langu, siyo umri wake. Linakula oili kiasi gani? Nilipima kwa kijiti kila Jumamosi: chini kidogo ya nusu lita kwa kilomita 1,000, na asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu kidogo unaokwisha baada ya sekunde chache. Moshi wa kuwasha tu, usioendelea barabarani, kwa kawaida ni sili za vali zilizokauka. Oili imechuruzika usiku. Ringi zikiwa zimekwisha ungeuona moshi ukiwa unakanyaga mafuta. Rodi hazigongi. Presha ikiwa moto haikuwa mbaya. Kwa maneno mengine vyuma vya chini havikuwa vimelika kama mzee alivyodhani, na hiyo nafasi iliyopanuka ambayo 20W-50 ilikuja kuiziba haikuwa kubwa hivyo.

Je, kwa nini nisiweke daraja la 30 kama Wajapani? Ningeweza, na injini isingekufa. Kwa Altezza iliyofanyiwa ovahoo na kukaa vizuri, 5W-30 nzuri ni sawa kabisa na sitabishana. Lakini daraja la 30 la leo wengi wanalitengeneza kwa ajili ya kubana matumizi ya petroli. Kuna kipimo kinachofanywa oili ikiwa na nyuzi 150 na ikisagwa kwa kasi kubwa, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi. 30 inaruhusiwa kushuka mpaka 2.9 kwenye kipimo hicho, wakati 5W-40 na 10W-40 haziruhusiwi kushuka chini ya 3.5. Mimi nikiwa peke yangu barabara ya Shinyanga saa nane mchana huwa sibani matumizi ya petroli. Nataka ile 3.5. Ukitafuta kopo la oili yenye uhakika huo bila kusoma karatasi za maabara, angalia nyuma kama limeandikwa ACEA A3/B4, alama ya watengenezaji wa magari wa Ulaya. Oili yenye alama hiyo lazima ifikie 3.5.

Hivyo nikaangukia 5W-40 ya sintetiki. Mtu mwenye bajeti ndogo akiniuliza, namwambia 10W-40, akiibadilisha kwa wakati, inamtosha kabisa kwa hali ya hewa yetu. Tofauti ya 5W na 10W hapa Mwanza ipo, lakini haifiki ya kuuza mbuzi.

Zile herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani, kwenye duara la nyuma ya kopo nazo zina mkanganyiko wake. S ni ya injini za petroli, C ya dizeli, na herufi inayofuata ikienda mbele oili ni mpya zaidi: SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. Kwa Altezza, mpya ni nzuri, chukua SN au SP ukaendelee na maisha. Wenye magari ya zamani zaidi ndio wanatakiwa kusimama kidogo. Kuanzia SM, fosforasi kwenye madaraja mepesi, 30 na chini yake, ilipunguzwa hadi asilimia 0.08, kwa sababu inaharibu kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Fosforasi huja pamoja na zinki, na hizo mbili ndizo ngozi ya kamshafti ambazo chuma chake husugua chuma moja kwa moja kwa nguvu kubwa. Daraja la 40 halikubanwa na kikomo hicho, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kulipenda.

Nalisema hili kwa sababu ya mzee mmoja mwenye Datsun 240Z iliyofunikwa turubai uani kwake. Mzee huyo ukimpa nafasi atakusimulia Safari Rally ya 1973 na Shekhar Mehta mpaka chai ipoe. 240Z ilikuwa imeshinda 1971 na ikashinda tena mwaka huo. Injini yake ina kamshafti juu na vidole vya chuma vinavyoteleza juu yake. Huyo asiweke 5W-30 ya kisasa hata akipewa bure. Hapo ushauri wa fundi wangu, 20W-50 yenye zinki ya kutosha, unakaa mahali pake, na hata 15W-40 ya malori, ambayo aghalabu ina zinki zaidi, ingemfaa. Na asije akashawishika na 20W-50 ya bodaboda kwa kuwa namba zinafanana. Ile imetengenezwa kwa ajili ya klachi inayooga kwenye oili hiyohiyo, ni hesabu nyingine.

Nikishajua ninachotaka, kazi kubwa ikawa kukipata cha kweli. Dumu la kwanza la 5W-40 nililonunua lilikuwa na bei iliyonifurahisha, na hilo peke yake lilitakiwa kunitia shaka. Duka silitaji. Kizibo kilifunguka bila ule mkatiko wa pete. Maandishi ya tarehe kwenye kopo yalitoka nilipoyasugua kwa kidole chenye mate. Oili yenyewe ilinukia vizuri, rangi ya asali, na hiyo haina maana yoyote. Hata iliyochakachuliwa hutiwa rangi. Nililiacha dumu hilo kwenye kona ya stoo na sijawahi kulimimina popote.

Ujue makopo matupu yana soko. Unaweza kuona mtu akipita gereji kukusanya, na anachagua: ya majina makubwa, yasiyochubuka, yenye kizibo. Sidhani wote wanakwenda kuwekea mafuta ya alizeti. TBS wana alama yao ya ubora na Tume ya Ushindani wana kazi ya kukamata bidhaa bandia, lakini wewe ndiye uliye mlangoni kwa injini yako. Mimi sasa nanunua kwa msambazaji anayenipa risiti ya EFD, nalinganisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo na iliyo kwenye boksi, na kopo likiisha nalitoboa kwa bisibisi sehemu mbili kabla ya kulitupa. Fundi alinikuta nikitoboa akadhani nimegombana na mtu.

Siku ya kumwaga tulibishana kidogo. Kijana wake alitaka kusafisha injini kwa dizeli: unamwaga oili, unatia lita kadhaa za dizeli, unawasha dakika tano, unamwaga. Nilikataa. Dizeli haina ngozi ya kubeba krenki, na inang'oa masizi kwa vipande vikubwa ambavyo vitakwenda kuziba uleule wavu niliotoka kuusafisha. Nilichagua njia ya polepole: oili mpya, filta mpya, kusafisha wavu wa VVT-i kwa petroli na brashi laini, kisha kumwaga tena mapema, baada ya kilomita 1,500, kwa sababu sabuni iliyomo kwenye oili nzuri ingefanya kazi ya kuosha bila fujo. Na kweli, kilichotoka baada ya hizo 1,500 kilikuwa cheusi kama kahawa ya Kagera. Mara ya pili nikaenda 5,000 na ndiyo ratiba yangu mpaka leo, hata kopo likiniahidi 10,000. Safari zangu nyingi ni fupi, za mjini, injini haijachemka vizuri nimeshazima. Unyevu na petroli isiyoungua vinabaki ndani ya oili.

Oili chafu yangu huchukuliwa na jirani anayejenga, anapaka nguzo kuzuia mchwa. Nilimwomba asimwage mabaki mtaroni. Mitaro yetu yote inajua njia moja tu, ya kuteremka ziwani.

Wiki mbili baada ya hapo nilikwenda Sengerema. Usagara, Kigongo, kisha lile daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, ambapo zamani ungepanga foleni ya kivuko ukinunua mahindi ya kuchoma. Katikati ya daraja niliangalia geji: oili imechemka, gia ya sita, mizunguko karibu 3,000, presha bar 4 na nukta. Nilipofika upande wa pili nikasimama, nikaliacha lingurume bila gari kwenda: bar 1.5. Kurudi, kwenye kipande kilichonyooka baada ya Usagara, barabara tupu, nikashusha gia. Ule mlio ukaja.

Nilimpelekea mzee habari. Alinisikiliza akiwa chini ya Hilux, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Wabeja, mwanangu. Hilo ni la kwako. Land Rover yangu naijua mimi."

Sikubisha, maana Land Rover yake ni ya 1978 na ni kweli anaijua.

Kuna kitu kimoja alichonitahadharisha ambacho kimetokea. Alisema sintetiki itatafuna sili na gari litaanza kuvuja. Haitafuni, ila ni hodari wa kuosha, na uchafu uliokuwa umeziba gasketi kuukuu ya kifuniko cha vali umeoshwa pamoja na mengine. Kwa hiyo kila jioni natandika kipande cha boksi chini ya injini, na kila asubuhi nahesabu. Jana matone matatu, leo manne. Gasketi nimeagiza Dar, inakuja na basi la kesho, pamoja na seti ya sili za vali. Hizo mzee amesema atazifunga mwenyewe, kijana wake asiguse.